Safari za Ujerumani Kumtafuta Mzee Kapela

Mtu wa Kwihara niliyemkuta mbali kuliko wote alikuwa ndani ya boksi la kadibodi, kwenye rafu ya chuma, chini ya ardhi, katika mji mmoja wa Ujerumani. Boksi lenyewe lilikuwa la kijivu, ukubwa wa boksi la mabuti. Ubavuni lilikuwa na namba, na neno moja la wino wa zamani: Unyanyembe, nchi ya zamani ya Wanyamwezi ilipo Kwihara. Ndani kulikuwa na fuvu la kichwa. Nimeshastaafu, na mpaka leo sijui kama ni la mtu tuliyekwenda kumtafuta.

Naandika haya kwa ajili yenu mliobaki ofisini, kwa kuwa jambo hili sasa liko mezani kwenu na baadhi yenu mtasafiri. Mtaani watu wakiniuliza habari za Ujerumani huwaeleza treni na mikate, maana ndivyo wanavyopenda kusikia. Nitaeleza treni na mikate hapa pia, kwa sababu asiyezijua treni za huko hafiki anakokwenda. Ila mjue kwamba safari iliyonipa sababu ya kuandika ilikuwa ya msiba.

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye makumbusho ya Kwihara, nje ya mji wa Tabora, nilikabidhiwa ufagio wa chelewa, ndoo, na tochi isiyo na betri. Aliyenikabidhi ni Mzee Idi, seremala wa ukoo wa zamani wa mjini Tabora. Yeye ndiye aliyekuwa akitunza milango ya nakshi ya lile tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa ambamo wasafiri wa njia ya misafara walikuwa wakipumzika. Nilimwuliza betri ziko wapi.

"Zikija uniambie na mimi," alisema.

Hazikuja. Tulizoea kufanya kazi kabla jua halijazama.

Mzee Idi alinifundisha kugonga kila mlango asubuhi kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayepiga hodi. Penye mchwa mlio hubadilika, na ukiusikia mapema mlango unapona. Akanifundisha pia habari ya wageni. "Mgeni akiingia usikimbilie kusema," aliniambia. "Angalia kwanza yeye anaangalia nini. Wengine wanaangalia milango, wengine dari. Ukimwona anaangalia saa, mwoneshe mlango wa kutokea."

Kijerumani nilikipata kwa sista mzee wa misheni aliyekuwa akileta wageni wake Kwihara. Alichoka kutafsiri, akaona ni nafuu anifundishe mimi. Alikuwa muuguzi, kwa hiyo maneno yangu ya mwanzo yalikuwa ya wodini. Hadi sasa naweza kueleza kuhara kwa Kijerumani fasaha kuliko ninavyoweza kueleza historia ya misafara. Hata hivyo kilitosha, na ndicho kilichonifanya nichaguliwe kwenda Berlin na Hamburg kwa mafunzo ya kutunza mbao za kale.

Basi yashikeni haya. Berlin, kwenye taa za waenda kwa miguu, mtaona kimtu kidogo chenye kofia. Kikiwa chekundu, simameni, hata kama barabara ni tupu kadiri jicho linavyofika. Mimi siku ya kwanza nilivuka. Mama mmoja aliyemshika mtoto mkono alinifokea kutoka ng'ambo, "Mtoto anakuona!" Nilirudi nilikotoka nikasimama upya, na yeye akatikisa kichwa kuonesha ameridhika. Maji ya dukani mengi yana gesi. Someni chupa kabla ya kununua. Chupa tupu msizitupe, kuna mashine dukani inayozimeza na kukurudishia hela. Jumapili maduka hufungwa, kwa hiyo mkate unanunuliwa Jumamosi. Mkate wao ni mzito na una ganda gumu, lakini unashibisha. Atakayekosa ugali kabisa atafute dukani unga wa ngano wa chengachenga. Ukisongwa unashikamana, na usiku unalala.

Hamburg kuna njia ya chini ya mto ya tangu zamani za Wajerumani wale waliojenga boma la Tabora. Unashuka kwa lifti kubwa inayoweza kubeba hata gari, kisha unatembea chini ya maji kama unatembea koridoni. Ukutani wamechonga samaki na kaa, na pia panya na kiatu kilichotupwa. Nilikaa mbele ya kile kiatu muda mrefu. Niliwapenda kwa kukumbuka kwamba mto una uchafu pia.

Berlin kuna mtaa unaitwa Tanga na mwingine Zanzibar. Nilisimama chini ya kibao cha Tanga nipigwe picha, mzee mmoja akanichungulia dirishani akauliza ninatafuta nini. Nikamwambia natoka nchi yenye mji wa jina hilo. "Siku hizi hapa ni kelele tu," alisema, akafunga dirisha.

Kitu nilichokiangalia zaidi kilikuwa chini. Mbele ya milango ya nyumba nyingi wamechomeka vijiwe vyenye bati la shaba juu yake, na kila kimoja kina jina la mtu aliyekuwa akiishi pale kabla ya kukamatwa na kuuawa na serikali yao ya wakati ule. Jina, mwaka wa kuzaliwa, mahali alipofia. Watu wanavikanyaga wakienda kazini, wachache wanainama. Niliporudi niliwasimulia wenzangu ofisini kwamba nimeona nchi inayojua kuandika majina ya wafu wake. Nilisema hivyo kwa kuwasifu, na bado nawasifu.

Miaka kadhaa baadaye alifika Kwihara mwanamke wa makamo, Bi Ulrike, mtafiti kutoka jumba moja la makumbusho ambalo sitalitaja. Nilimkumbuka Mzee Idi, aliyekuwa ameshafariki, nikakaa kimya nione anaangalia nini. Hakuangalia milango wala dari. Alikuwa akituangalia sisi usoni, mmoja mmoja, kisha anainamisha macho.

"Kuna mabaki ya watu kwenye stoo yetu," alisema hatimaye. "Vichwa. Kimoja kimeandikwa jina la hapa kwenu."

Nilimpeleka kwa Bi Kalunde.

Kila mtu Kwihara alijua habari za ukoo wake. Babu yake, Mzee Kapela, alikuwa miongoni mwa waliopigana na Wajerumani. Alipouawa, kichwa chake kilikatwa kikachukuliwa, na ndugu wakauzika mwili peke yake nyuma ya zizi. Kaburi lile lipo. Hawakulijengea, kwa kuwa mwanawe, yaani baba yake Bi Kalunde, alisema msiba haujaisha. Alikufa akisema hivyo.

Bi Kalunde alikuwa mzee sana, anaona kidogo, lakini sikio lake lilikuwa zima. Nilimwamkia.

"Marahaba, mtani. Leo umekuja kula nini?"

Hapa wale wa kutoka mbali niwaeleze. Baba yangu alikuwa Mzaramo aliyeletwa Tabora na kazi ya reli. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu wapagazi walipokuwa wakipita Uzaramo kwenda pwani. Katika msiba wa Mnyamwezi, wakati wafiwa wanalia, mtani ana kazi yake: anamdhihaki marehemu, anamwita mvivu, anaingia kaburini na kulala akidai nafasi ni yake. Msiba usio na mtani huonekana una upungufu.

Nilimtafsiria Bi Ulrike. Bi Kalunde alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Anakaa wapi?"

"Kwenye chumba kikavu," alijibu Bi Ulrike. "Kina ubaridi. Kinafungwa kwa ufunguo."

"Asubuhi nani anamwamkia?"

Bi Kalunde akanigeukia. "Baba yangu alikufa hajamaliza kumzika baba yake. Mimi sitaki kufa hivyo. Nendeni mkamchukue."

Aliyeteuliwa kwenda ni mdogo wake, Mwalimu Mayunga, naye mstaafu, mtu wa maneno mengi. Nilikwenda naye kama mkalimani. Uwanja wa ndege alisimama mbele ya ngazi ya umeme akakataa kunifuata. "Babu zako walitutoza ushuru wa kupita njia yao," alisema kwa sauti, watu wanageuka. "Leo Mzaramo ndiye ananiongoza!"

"Na leo utalipa tena," nikamwambia. "Kanyaga hapo."

Tulifikia Berlin, halafu tukapanda treni kwenda magharibi. Sasa zingatieni hili kuliko yote niliyosema kuhusu treni: treni nyingine za huko hukatwa katikati ya safari. Mabehewa ya mbele yanakwenda mji mmoja, ya nyuma mji mwingine, na tangazo linatolewa mara moja, haraka, wakati abiria wanatafuta mabegi. Someni namba ya behewa kwenye tiketi na mkae humo humo. Sisi tulikaa palipokuwa na nafasi. Treni ilikatwa mji wa Hamm, nasi tukabaki kwenye kipande kisicho chetu mpaka Wuppertal.

Wuppertal kuna treni inayoning'inia. Reli iko juu, mabehewa yako chini yake, na yote yanapita hewani juu ya mto. Mayunga alitazama moja ikipita, akiwa amekumbatia mfuko wake.

"Nyama tunatundika sisi," alisema. "Hawa wametundika treni."

Ndani ya ule mfuko kulikuwa na unga wa mtama aliousaga Bi Kalunde mwenyewe, kwa ajili ya tambiko. Ukoo ulimtuma Mayunga amwite babu kwa jina, amnyunyizie unga, amwambie kwamba nyumbani wanamsubiri. Tangu Tabora hakuuweka chini wala hakuniruhusu niubebe.

Tulifika kwenye jumba la makumbusho tumechelewa, Bi Ulrike akiwa bado mlangoni. Alituingiza ofisini kwanza, akatueleza mambo mawili, na niliona hakupenda kuyaeleza. La kwanza, zamani walipaka mabaki yote sumu ya kuua wadudu, kwa hiyo hatukuruhusiwa kugusa bila glavu. La pili, unga hauruhusiwi kuingia stoo, kwa sababu unaleta wadudu.

"Unga wa nyumbani?" aliuliza Mayunga.

"Unga wowote. Samahani sana."

Mfuko ulibaki juu ya kiti pale ofisini. Tuliteremka. Ile stoo ina taa nyeupe zisizo na kivuli, na harufu kama ya duka la dawa. Kijana mmoja wa pale, mwenye koti jeupe, alivuta boksi, akaliweka mezani, akatoa kifuniko.

Nimeona mengi kazini, lakini sikuwa nimejiandaa kwa udogo wake. Mayunga alisimama mikono imevaa glavu za buluu, haiko karibu wala mbali. Unga hana. Kugusa kwa mkono mtupu hawezi. Alifungua mdomo amwite babu yake na jina halikutoka. Tulisubiri. Kijana wa koti jeupe aliangalia saa ya ukutani. Ndipo Mayunga akaniambia, bila kunitazama, "Mtani, fanya kazi yako."

Nilifanya.

"Wewe Mnyamwezi," nikaliambia lile boksi. "Ulizoea kubeba mizigo ya watu, safari hii umejibeba mwenyewe mpaka Ulaya, tena kichwa kitupu! Miguu umemwachia nani aichunge? Wenzako wanavunja mgongo kwenye tumbaku, wewe umelala kwenye boksi la viatu, unapulizwa ubaridi kama tajiri. Nani atakulimia? Kama umekosa nauli sema, sisi Wazaramo tutakubeba, ila njiani usituombe maji, wewe kwa kunywa unajulikana!"

Mayunga alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika rafu, na kicheko kikageuka kikawa kilio bila kupumzika katikati. Jina la babu yake likamtoka, akaliita tena na tena. Mimi niliendelea kutukana, maana hairuhusiwi kuacha mfiwa akilia peke yake. Kijana wa koti jeupe alitoka nje. Bi Ulrike alibaki, mgongo ukutani.

Tuliporudi Tabora kusubiri jumba lile litoe kibali cha kumchukua, tulidhani sehemu ngumu imeisha. Baadaye Bi Ulrike alinipigia simu. Taarifa ya ziara ilikuwa imeandikwa na yule kijana, na ilisema kwamba wageni walicheka na kupiga kelele mbele ya mabaki, kwa hiyo kuna shaka kama kweli ni ndugu. Kamati yao imeamua haiwezi kukabidhi kitu mpaka undugu uthibitishwe kitaalamu.

"Mimi nilikuwepo," alisema. "Najua niliona kitu kikubwa. Lakini sijui nikieleze vipi kwao."

"Waambie kwetu anayetaniwa ni mtu," nikamwambia. "Vitu havitaniwi."

Akasema angetamani ningemwambia hivyo kabla hatujashuka ngazi. Mtakaokwenda, anzeni na hilo. Elezeni utani ofisini, kabla ya glavu. Mnachokijua tangu utotoni, mwenyeji wenu hajawahi kukisikia, na heshima yenu kubwa kabisa yeye anaweza kuiona kama ulevi.

Kamati ilipata maelezo yangu lakini ikashikilia kipimo. Bi Kalunde aliambiwa anatakiwa kutoa mate kwenye kichupa. Alicheka sana. "Nimeishi mpaka Wazungu wanaomba mate yangu," alisema, akatoa. Tulisubiri msimu mzima wa mvua. Jibu lilipokuja lilisema fuvu limeharibiwa mno na ile sumu; hawawezi kusema ni ndugu, hawawezi kusema si ndugu. Walipendekeza njia moja ya uhakika zaidi: kaburi la nyuma ya zizi lifunguliwe, utolewe mfupa mmoja, ulinganishwe.

Nilikwenda mwenyewe kumweleza, kwa sababu mambo kama hayo hayasemwi kwa simu. Mayunga alikuwepo.

"Walichukua kichwa," alisema Bi Kalunde. "Sasa wanataka na mguu?"

"Si kuuchukua moja kwa moja, bibi. Ni kuupima."

"Na kile kichwa walisema watakirudisha lini walipokichukua?"

Mayunga, mtu wa maneno, alikuwa akichora ardhi kwa kijiti. Ndipo Bi Kalunde akasema lile ambalo nimelifikiria tangu siku hiyo.

"Waandikie wamlete hivyo hivyo. Kama ni babu, amefika. Kama si babu, ni mtu wa Unyanyembe aliyekaa huko bila mtu wa kumwamkia. Mchimbieni lake pembeni ya babu. Mimi nitamlilia. Nimemwekea machozi, hayachagui."

Niliandika maneno yake kama alivyoyasema, nikayatuma kwa Bi Ulrike, naye akayapeleka kwenye kamati. Huo ndio ulikuwa mwezi wangu wa mwisho ofisini. Nilikabidhi funguo, nikagonga milango yote kwa mara ya mwisho, nikaenda nyumbani.

Bi Kalunde alifariki kabla kamati haijakaa. Tulimzika Kwihara. Kazi yangu ya utani niliifanya vibaya siku ile. Sauti ilikuwa inakatika, na Mayunga akaniambia mbele ya watu kwamba hata kutukana sasa Wazaramo tumeshindwa.

Jibu la kamati lilifika baada ya arobaini, na lilitushangaza sote. Wamekubali. Fuvu linaweza kurudi Kwihara bila uthibitisho, likazikwe na ukoo ulioliomba, kwa sharti moja tu: ukoo uwe na kauli moja, na mtu mmoja wa kusaini kwa niaba yake.

Kikao cha kwanza kilifanyika uani kwa Mayunga. Mpwa wake anayeishi jirani, Itetemia, kijana msomi na mtaratibu, alisema kaburi lifunguliwe, mfupa upimwe, watu wajue moja. Binti wa Bi Kalunde akasema mama alishakataza, na yeye hataruhusu jembe liguse pale. Waliokuwa upande wa mpwa wakauliza: tukimlaza mtu wa ukoo mwingine pembeni ya babu, halafu siku moja wenyewe wakaja kumdai, tutawaambia nini? Mwingine akasema afadhali abaki huko kuliko kuleta mkosi nyumbani. Binti wa Bi Kalunde alitoka akalia jikoni.

Mayunga aliniuliza mimi nasemaje. Nikamwambia mtani hana kura.

"Leo ndiyo umepata adabu?" alisema. Hakuna aliyecheka.

Kikao cha pili kiliisha kama cha kwanza. Cha tatu kiliahirishwa mpaka tumbaku iuzwe. Tumbaku imeuzwa, na hakijaitishwa. Wiki iliyopita Bi Ulrike ameuliza tena, kwa upole, jina la mtu atakayesaini, nami sina la kumpa.